Kusoma Peponi Nikiwa Tumati

Juma hili huku Tumati, wilayani Mbulu, baridi imetuingiza ndani mapema, na nimeitumia kumaliza riwaya ya Peponi. Mwandishi ni Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Tafsiri ya Kiswahili, kazi ya Ida Hadjivayanis, ilichapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Miaka 28! Kitabu kinasimulia watu wetu, na muda wote huo asiyejua Kiingereza hakuweza kukisoma. Inaniuma.

Kisa ni cha Yusuf, mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo na deni kubwa. Kuna tajiri mmoja, Aziz, ambaye mtoto humwita mjomba, na kila akija humpa sarafu ya anna 10. Siku moja Yusuf anapandishwa treni pamoja na mjomba huyo, kuelekea pwani. Akiwa huko, dukani, kijana aitwaye Khalil ndiye anayemfumbua macho: yule si mjomba wako, wewe umewekwa rehani.

Hapo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya. Kwetu Wairaqw ng'ombe huwekwa kwa jirani. Jirani anakamua maziwa, samadi inakwenda shambani kwake, lakini ng'ombe na ndama wanabaki mali ya mwenyewe. Na mwenyewe huja. Huja kumwangalia kama amenenepa, kama ana mimba, kama kuna kidonda mguuni. Yusuf hakuna aliyekuja kumwangalia. Baba yake anafariki mbali naye, na deni linabaki palepale, shingoni mwa mtoto.

Sasa niseme lililonikera. Aziz anafunga msafara kwenda bara, wapagazi, ngoma na tarumbeta, na Yusuf anachukuliwa. Njiani watu wa msafara wanawaita wenyeji washenzi. Ndugu yangu wa Dongobesh, wa Haydom, wa Katesh, bara hiyo ndiyo sisi! Najua Gurnah hawaungi mkono, anawaacha waseme ili tuwasikie walivyo. Hata hivyo, mtu wa bara tunamwona tukiwa barabarani: anatokea, anadai hongo, anapotea nyuma ya mti. Nilisoma sura zile nikijiona nimesimama juu ya kilima natazama vumbi la msafara likija, wala simo ndani yake.

Ila kuna Chatu. Huyu ni mtawala wa mji wanakofika, naye anawanyang'anya mali yote. Msomaji yuko tayari kumchukia, kisha Chatu anaeleza: mfanyabiashara mwingine alipita kabla yenu, akanidhulumu. Kurasa hizo nimezirudia mara tatu, na kwangu ndizo bora kuliko zote. Natamani tungeingia na nyumbani kwake, tukajua jioni ile alikula nini na alizungumza nini na wanawe.

Ndiyo maana baada ya Peponi nilikitafuta tena Shujaa Okonkwo, kitabu cha Chinua Achebe alichokitafsiri Clement Ndulute mwaka 1973. Humo tunaketi kijijini kwanza, tunajua kilimo cha viazi vikuu na ugomvi wa wake wenza, ndipo mgeni anabisha hodi. Uandishi wa namna hiyo naudai kwa ajili ya milima yetu. Vijana wa Mbulu na Hanang mnaosoma vyuoni, nawaomba: andikeni riwaya inayoanzia ndani ya nyumba ya Mwiraqw, au kwenye boma la Mbarbaigi, na mgeni asubiri sura ya kumi.

Kitabu chenyewe sinacho sasa hivi. Amekichukua jirani yangu, mfugaji, anasoma taratibu kwa taa ya sola baada ya kufunga ng'ombe. Jana nilikutana naye mnadani, ameishia pale Khalil anapomfumbua Yusuf macho. Hakunisalimu hata. Aliniuliza tu, "Hivi yule baba hakuwa na kitu kingine cha kuweka?"