Khutba ya Ijumaa: Tanzi la Waya na Wanyama wa Milima Yetu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, Muumba wa mlima na bonde, Mwenye kumruzuku kila kitambaacho na kila kirukacho. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Enyi Waislamu mliohudhuria, nanyi mnaotusikiliza majumbani na madarasani, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu katika yale yaonwayo na watu, na katika yale yafanywayo msituni pasipo jicho la mtu. Maneno yetu ya leo yanahusu hayo ya pili: tanzi la waya litegwalo katika misitu ya milima yetu, mnyama afaye ndani yake, na nyama iingiayo katika vyungu vyetu.

Nchi yetu ya Tanzania husifiwa kwa tembo na simba wa nyikani, na wageni huja kutoka mbali kuwatazama. Lakini wako viumbe wasiotajwa sana, ambao Mwenyezi Mungu hakuwaweka popote duniani isipokuwa katika milima yetu. Itazameni ramani, enyi wanafunzi, mtaiona milima ya Tao la Mashariki, ianzayo Taita katika nchi ya Kenya, ikapita Upare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Uluguru, hata ikafika Udzungwa na Mahenge. Pepo za Bahari ya Hindi huiletea mvua tangu zama za kale mno, na misitu yake ilibaki mibichi hata katika nyakati ambazo nchi za chini zilikauka. Kwa hiyo kila msitu umekuwa mfano wa kisiwa, na bahari yake ni nyika. Waliomo ndani hawana pa kuhamia.

Katika Udzungwa yumo sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo wa uzito wa gramu 700 hivi, mwenye pua ndefu ya kufukulia wadudu katika majani makavu. Wataalamu walimtangaza mwaka 2008, na hajapatikana kwingine. Yumo minde pia, ambaye makao yake yote ni milima ya Tanzania: ni jamaa ya paa, mkubwa, mweusi-mweusi, mwenye kishungi cha nywele baina ya pembe zake. Huyu hutembea peke yake, na zaidi usiku. Picha yake ya kwanza msituni ilipatikana mwaka 2003, kwa kamera iliyofungwa mtini ikajipiga yenyewe.

Kisha yuko kipunji. Huyu ni kima mwenye manyoya marefu ya rangi ya udongo na shungi kichwani, na mlio wake ni kama mbweko. Anaishi Mlima Rungwe, Kitulo, na katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Wawindaji wa Rungwe walimjua na kumtaja kwa jina, lakini wataalamu wa dunia hawakumtangaza hata mwaka 2005. Mwaka uliofuata wakasema kwamba hafanani na jenasi yoyote iliyojulikana, wakamwekea jenasi yake, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa kima wa Afrika kwa zaidi ya miaka 80. Je, waliupataje mwili wa kuuchunguza? Ulitoka katika mtego wa mkulima, kandoni mwa shamba la mahindi: dume ambalo halijakomaa, limekwisha kufa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha kwamba kipunji wote duniani walikuwa 1,117 tu. Vijiji vingi vyetu vina watu zaidi ya hao.

Sasa litazameni tanzi lenyewe. Ni waya wa breki ya baiskeli, au wa klachi ya pikipiki, uliofungwa kwenye mti mchanga uliopindwa juu ya njia ya wanyama. Mtegaji hutega 20 au 30, akarudi nyumbani. Lile tanzi halimtambui minde wala ngedere, halimtambui dume wala jike mwenye mimba. Likimkamata mguuni, mnyama huvuta hata ngozi ikakatika, naye hukaa hapo siku mbili, siku tatu, bila ya maji. Mtegaji akichelewa hukuta uvundo. Akisahau pahala alipotega, waya hubaki ukiua mwaka mzima pasipo faida ya mtu yeyote.

Watafiti waliolinganisha misitu ya Udzungwa wameliona hili waziwazi. Katika Mwanihana, msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, mbega wekundu wangali wengi. Katika Uzungwa Scarp, ambako ulinzi ulikuwa hafifu kwa miaka mingi na uwindaji ukawa mkubwa, wamepungua mno.

Enyi ndugu, uwindaji haukuharamishwa kwetu, wala hatusemi hivyo. Lakini Surat al-Maida, katika aya ya tatu, imemtaja mnyama aliyekufa kwa kunyongwa miongoni mwa vilivyoharamishwa. Basi minde aliyekutwa amekufa tanzini ni mzoga, ingawa nyama yake ni nzuri machoni. Kisu kinachopitishwa shingoni baada ya roho kutoka hakihalalishi kitu. Na kima, kwa kauli ya maulamaa wengi, haliwi hata akichinjwa. Nawe unayenunua mjini nyama ya porini iliyokaushwa, huulizi ilikufaje, na muuzaji hatakwambia.

Yamepokewa masimulizi kwamba masahaba walichukua makinda ya ndege safarini, mama yao akaja akipapatika, na Mtume (S.A.W.) akaamrisha yarudishwe. Hao walikuwa ndege wa kawaida tu, si wa mwisho wa namna yao.

Mkulima atasema: Je, na mahindi yangu? Hoja yake ni ya haki, na anayekaa mjini akila ugali asiidharau. Ngedere na nguruwe wanaweza kulimaliza shamba kwa muda mfupi, na kuzuia madhara kunaruhusiwa. Lakini kulinda kwa zamu, kupiga madebe, na kufyeka ukingo wa msitu ili wezi waonekane, ni kazi izuiayo hasara bila ya kumnyonga asiye na hatia. Ni kazi ngumu, nasi twaona majirani wasaidiane zamu, na misikiti ya vijijini iwe mahali pa kuzipanga.

Aliye na matanzi msituni hivi sasa, na ayafuate leo baada ya swala, kabla ya giza. Amkutaye mnyama hai na mzima amfungue. Waya asiutupe pale pale, kwani mwingine atauokota. Aukunje aje nao nyumbani. Na kama hakumbuki vizuri alipotega, aende pamoja na yule aliyetega naye, wahesabu mti kwa mti hata idadi itimie.