Kidonda cha Kinywani Kisichopona

Leo tuzungumze juu ya saratani ya kinywa, na kile kipimo ambacho wengi hukiogopa.

Kuna nyanya mmoja niliyemtembelea nyumbani, mtumiaji wa ugoro. Alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi kwa miezi mitatu. Hakikumuuma, kwa hivyo akawa anasukutua tu kwa maji ya chumvi. Daktari wa meno alipotaka kutoa kipande kidogo cha nyama kikapimwe, watoto wake walikataa. Walisema saratani ikiguswa na kisu husambaa.

Mama, usiogope hilo. Kipimo hiki hakisambazi saratani. Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi, kisha kipande kidogo sana hutolewa. Katika maabara, wataalamu hutazama seli kwa darubini: je, zimebadilika umbo? Zimeanza kupenya ndani? Wakati mwingine hutafuta pia alama ndani ya seli, kama protini iitwayo p53. Kazi yake ni kuzuia seli zilizoharibika zisiongezeke. Mlinzi huyu akiharibika, daktari hujua kwamba doa hilo linahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Lakini alama hizi ni za kusaidia tu. Hakuna kipimo cha damu wala cha mate kinachoweza kuchukua nafasi ya kile kipande.

Kwa hivyo, mchunguze kinywa mtu wako mwangani. Inua ulimi, tazama ufizi na ndani ya mashavu. Mpeleke kituo cha afya ukiona:

- kidonda kisichopona kwa wiki mbili;
- doa jeupe lisilofutika, au jekundu;
- uvimbe mdomoni au shingoni;
- jino linalolegea bila sababu, au shida ya kumeza.

Usingoje maumivu. Mwanzoni mara nyingi hayapo. Na anayetumia sigara, ugoro, kuberi au pombe, msaidie aache.

Yule nyanya tulizungumza naye mara tatu, yeye na watoto wake, wakakubali. Ilikuwa saratani, lakini bado ndogo. Alifanyiwa upasuaji, na leo anakula ugali wake mwenyewe.

Jioni ya leo, washa taa umtazame nyanya kinywani.