Taa ya Kijani Haitoshi

Mwanakandarasi anayesubiri malipo kwenye IFMIS anategemea kebo zilizofichwa darini. Kila kebo ina nyaya 8, jozi 4 zilizosokotwa. Kijimashine cha bei nafuu huwasha taa nyaya zikifika. Hakisemi kama jozi zinaingiliana zinapobeba data nyingi. Hilo hupimwa kwa mashine ya uthibitisho: Kategoria 6 hadi megahezi 250, na kebo iliyopitishwa ukutani isizidi mita 90. Mashine ni ghali, najua, hukodishwa pia. Tukilipa kwa kuona taa tu, mfumo ukikwama tutalaumu intaneti, kisha tulipe tena. Kabla ya kulipwa, aliyetandaza alete matokeo ya kila kebo, yenye nambari yake na tarehe.