Saa za Bandia Naliendele
(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mkazi wa Naliendele, Mtwara, katika mkutano wetu wa mwaka. Yamechapwa kama yalivyosemwa, ila yamepunguzwa kidogo.)



Nilipotakiwa nizungumze mbele yenu nilidhani ningeambiwa niseme habari za mikorosho, kwa kuwa ndiyo iliyonilisha tangu nilipoajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo pale Naliendele mpaka nilipostaafu. Katibu akanijibu, "Mikorosho tunayo nyumbani. Wewe tuletee zile saa zako." Basi nimekuja na kisanduku hiki. Ndani yake mna saa arobaini na moja, zote za kamani, hakuna hata moja ya betri, na thelathini na mbili kati yake ni za bandia. Nalitaja hilo mapema asije mtu akanivizia njiani usiku wa leo. Zote pamoja hazifiki bei ya baiskeli nzuri.

Mnacheka, na mnayo haki. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anakusanya vitu vya bandia! Nitaeleza ilivyoanza.

Msimu wa 1973/74 korosho za nchi hii zilifika tani 145,000, kiasi ambacho hakikufikiwa tena kwa zaidi ya miaka thelathini. Fedha za msimu ule baba yangu alinunua mabati, akanunua baiskeli, na zilizobaki akanunua saa ya mkono kwa mchuuzi mjini Mtwara. Usoni iliandikwa kwamba imetoka Uswisi na kwamba ina vito kumi na saba. Ilikuwa na rangi ya dhahabu. Kila asubuhi jua likichomoza baba aliitia ufunguo na kuhakikisha akrabu ndogo iko karibu na kumi na mbili, kwa kuwa yeye aliihesabu siku kama tunavyoihesabu sisi. Hakutaka kabisa habari ya kusoma tarakimu ya upande wa pili, kama tulivyozoea kufanya kwa saa za maofisini. Alikuwa akisema, "Saa ni yangu, kwa nini inihesabie masaa ya watu wengine?" Mimi nilipoingia Kidato cha Kwanza nilisumbuka wiki nzima.

Mwaka 1986 saa ile ikasimama. Ninyi vijana hamkuuona wakati ule. Korosho zilikuwa zimeanguka, msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 17,000, na madukani kulikuwa na rafu zaidi ya bidhaa. Mafundi saa walikuwapo mjini, lakini vipuri havikuwapo. Nikaifungua mwenyewe, usiku, kwa kisu cha kumenyea machungwa. Nilikuta vito viwili tu, na vyenyewe sina hakika kama vilikuwa vito. Mahali ambapo saa nzuri huwa na vipande vya johari nilikuta vijiti vya chuma. Dhahabu ilikuwa maji ya dhahabu, na upande wa ndani wa mfuniko hapakuwa na jina la kiwanda wala namba. Baba alikuwa ameivaa miaka kumi na mbili na kuwaonyesha watu msikitini. Niliisafisha, nikairudisha ikitembea, sikumwambia neno. Alikufa akijua ana saa ya Uswisi. Hii hapa, ya kwanza upande wa kushoto.

Baadaye nilisoma kwamba vijiti vile vina historia yake. Mwaka 1867 fundi mmoja aliyekuwa akiishi Uswisi, Georges Roskopf, alitoa saa ya bei nafuu ili mfanyakazi wa kawaida naye aweze kuwa nayo. Aliondoa johari mahali pale na kuweka vijiti. Ilikuwa saa ya heshima kabisa, na haikupita muda nayo ikaigwa na wengine walioandika jina lake. Yaani hata saa ya maskini ilighushiwa! Na ya tajiri vilevile. Breguet wa Paris, aliyekuwa fundi wa wafalme, alichoshwa na waigaji mpaka katika miaka ya 1790 akaanza kuchora sahihi ya siri usoni mwa saa zake, ndogo mno, isiyoonekana mpaka uielekeze kwenye mwanga kwa mshazari. Kwa hiyo tusiwasingizie Wachina peke yao.

Sasa vijana, sogeeni. Saa ya namna hii haina uchawi. Kamani ni ukanda wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo, unataka kukunjuka. Magurudumu ya meno yanapeleka nguvu yake mbele. Mwishoni pana gurudumu linalokwenda na kurudi, limefungwa kamani ya pili nyembamba kama unywele, na kila likirudi linaruhusu jino moja tu lipite. Hiyo ndiyo sauti mnayoisikia. Saa nyingi za siku hizi hupiga mara 21,600 kwa saa moja, yaani mara sita kwa sekunde, mara 518,400 kwa siku. Ikikosea sekunde ishirini kwa siku, imekosea sehemu moja katika 4,320. Mtihani wenu mkikosea kiasi hicho Mwalimu Mkuu ataandaa karamu.

Zana zangu ni duni. Bisibisi nimezinoa kutokana na sindano za cherehani. Lenzi nilinunua kwa fundi mmoja aliyekuwa anaacha kazi kwa sababu ya macho. Kazi naifanya ndani ya chandarua. Mke wangu mwanzoni alidhani nimepatwa na jambo, lakini sababu ni kwamba vipande vya saa huruka kama panzi, na kikiruka kwenye sakafu ya mchanga hukioni tena. Ndani ya chandarua kinagonga wavu na kukuangukia mapajani.

Saa za pwani yetu zina maradhi yake, na hapa ndipo ninapopenda kukaa. La kwanza ni mafuta. Watu wa kwetu saa ikisita huitilia tone la mafuta ya nazi. Nililetewa saa moja mwezi wa Julai, mwenyewe akalalamika kwamba inasimama alfajiri na kuanza tena mchana, akahisi imelogwa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Julai kwetu usiku hushuka zaidi ya hapo. Jua likipanda, yanayeyuka, saa inaamka. Mafuta ya cherehani nayo nimeyatumia kwa ujinga wangu. Yanatambaa mpaka kwenye ile kamani ya unywele, mizunguko yake inagandana, saa inakimbia kama mwizi. Kipimo cha mafuta ya saa ni kile kinachoshikwa na ncha ya sindano, na magurudumu yenyewe kwenye meno hayatiwi kitu.

La pili ni salfa. Tulipoanza kupuliza unga wa salfa kwenye mikorosho katika miaka ya 1980 kupambana na ubwiriunga, mimi nilizunguka mashambani na saa mkononi. Unga ule unapenya popote, na shaba na fedha huzifanya nyeusi. Mpaka leo nikifungua saa ya mkulima nikakuta weusi wa namna ile, naujua mkorosho ulikotoka.

La tatu ni bahari. Mvuvi wa Msimbati saa yake ikiingia maji ya chumvi huianika juani, na hilo ndilo linaloiua. Chumvi inabaki ndani, kesho yake kutu. Afadhali aifungue papo hapo, aioshe kwa maji baridi ya kisima, kisha mtambo autumbukize katika mafuta ya taa mpaka afike kwa fundi. Uso utaharibika, lakini roho itapona. Na wenye tabia ya kulaza saa juu ya redio waache. Spika ina sumaku, kamani ya unywele ikishika sumaku saa hukimbia dakika nyingi kwa siku. Isogeze karibu na dira. Mshale ukicheza, umeujua ugonjwa.

Za bandia ni za namna mbili. Zipo zilizo bandia kila mahali, jina kubwa nje, na ndani mtambo wa kawaida wa Kichina, ule ambao tangu miaka ya 1970 viwanda vingi vya nchi ile viliutengeneza kwa ramani moja. Huo si mtambo mbaya! Ukiusafisha na kuutia mafuta sawasawa unatembea vizuri, na vipuri vya mmoja vinaingia kwa mwenzake. Kwa mwanafunzi ni kitabu cha bei rahisi. Ukikivunja hujavunja mali ya mtu. Na zipo nusu bandia, ambazo mimi nazipenda. Mfano ni saa za HMT za Bangalore, India, kiwanda kilichoanza 1961 kwa ushirikiano na Citizen ya Japani, kikafungwa 2016. Mafundi wa Mumbai huchukua mitambo mizee ya kweli, wakapaka nyuso upya kwa rangi ambazo kiwanda hakikuziota. Roho halali, sura ya uongo.

Kukaa nazo na kujifunzia ni jambo moja. Kuziuza kwa jina la mwingine ni jambo jingine, na sheria ya alama za bidhaa ipo tangu 1963; siku hizi Tume ya Ushindani ndiyo inayoyakamata na kuyateketeza magendo ya namna hiyo. Lakini mimi sikuonywa na sheria.

Mwaka 1997 alinijia mwenzangu niliyekaa naye dawati moja katika shule hii. Alikuwa anataka zawadi ya mkwewe, baba wa mchumba. Nilikuwa na saa moja ya jina kubwa sana, ya Kichina ndani, niliyokwisha kuisafisha. Akaniuliza, "Hii ni yenyewe?" Nikamjibu, "Inatembea vizuri." Ndivyo nilivyosema, hayo tu. Akanipa shilingi elfu sitini.

Mzee yule aliivaa miaka. Kisha akaugua, na akiwa Dar es Salaam kwa matibabu akaipeleka dukani aiuze. Walimcheka. Akarudi akiamini kwamba mkwewe alimdharau tangu siku ya kwanza, na nyumba ile ikaingia ubaridi. Mwenzangu alikuja Naliendele, akaiweka saa mezani kwangu, akaondoka bila kukaa. Fedha nilizipeleka mara mbili zikarudishwa. Nilichoweza kufanya ni kwenda kwa mzee mwenyewe, Kitaya, kumwambia kwamba uongo ulikuwa wangu. Nilikawia. Mara shamba, mara mvua, mara barabara. Nilipofika nilikuta watu wamekaa matanga.

Tangu hapo kila saa ya bandia inayopita mikononi mwangu, ndani ya mfuniko nachora herufi B. Wanaokuja kwangu jioni kujifunza, wapo wanne sasa, wawili wasichana, wanaanza kwa kuichora herufi hiyo kabla hawajashika bisibisi.

Ya baba yangu sijaichora.

Mwenzangu yumo ukumbini, sitamtaja. Asubuhi tumeamkiana langoni, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule. Saa yake ni hii niliyoiweka kando, juu ya bahasha. Nimeifungua upya, nimeisafisha, ndani imeandikwa B. Katika bahasha mna elfu sitini, ambazo najua haziwezi kununua leo kilichonunuliwa nazo 1997. Nitaziacha hapa mezani wakati wa chai.

Ndugu Mwenyekiti, nilipewa dakika ishirini, na kwa saa hii zimepita ishirini na mbili. Inakimbia kidogo. Wenye maswali, au wenye saa zilizosimama, waje.