Kutoka Kikoboleo Hadi Goti: Sembe, Sukari na Viungo vya Wazee Wetu

Mhadhara wa umma, Mlandege, Iringa



Nimepewa mada ya vyakula vya wanga vilivyokobolewa na afya ya wazee. Mada hii huzungumzwa sana maabara. Mimi naomba tuanzie mashineni.

Mama anafika na debe la mahindi meupe kichwani. Kijana wa mashine, nyusi zimejaa vumbi la unga, hamuulizi anataka kusaga kiasi gani. Anamuuliza jambo moja tu: “Tunakoboa, au dona?” Akijibu kukoboa, mahindi yanamiminwa kwenye kikoboleo, yanapigwa, na wenye kupenda ugali mweupe pepe wanaomba yarudishwe mara ya pili. Upande mmoja zinatoka punje zilizovuliwa nguo, nyeupe, nyingi zimekatika ncha. Upande wa pili gunia linajaa pumba. Chukua pumba hiyo kiganjani uisugue kwa kidole gumba: ina mafuta. Mama atakwenda kuloweka mahindi yake, atayaanika, kisha atarudi kusaga sembe. Pumba itabaki hapo kumsubiri mfuga nguruwe.

Kutegemea ukoboaji, kati ya sehemu ya tano na sehemu ya tatu ya mahindi yake imeishia kwenye gunia lile. Ingekuwa maganda tu, nisingesimama hapa jioni hii. Kilichoondoka ni ganda pamoja na kiini, na kiini ndicho chenye karibu mafuta yote ya punje, sehemu kubwa ya madini yake na vitamini za kundi B. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi. Kinachobaki ni ghala la wanga ambalo mmea ulijiwekea kwa ajili ya kuota. Nguruwe wa Iringa, kwa hesabu hii, wanakula vizuri kuliko baadhi ya wastaafu wa Iringa.

Tulifikaje hapa? Kabla mahindi hayajatawala nyanda hizi, watu walikula ulezi na mtama. Ulezi una punje ndogo mno, huwezi kuukoboa ukabaki na kitu, kwa hiyo ulisagwa mzima bila mtu kuhubiriwa lishe. Mahindi yaliyotwangwa kwenye kinu yalikobolewa kwa jasho, na jasho lenyewe lilikuwa kipimo: hakuna aliyekoboa zaidi ya alivyoweza. Mashine iliondoa kipimo hicho. Kisha ikaja heshima. Dona ikawa chakula cha bweni, cha jeshi na cha gereza. Aliyesoma sekondari ya bweni anakumbuka dona na maharage, na wadudu waliokuwa wakielea juu ya maharage. Mtu wa namna hiyo akipata mshahara wa kwanza ananunua sembe. Simlaumu. Wataalamu wa lishe tunasahau mara nyingi kwamba watu hula pia kumbukumbu zao.

Hoja kwamba kukoboa nafaka kunazaa maradhi ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya yaliyoonekana hapa jirani, Kampala. Daktari Hugh Trowell alifika Afrika Mashariki mwaka 1929 na kufanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka 30. Anayetajwa zaidi ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, ambaye mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya kwa watoto unaoitwa kwa jina lake hadi leo. Wawili hawa walijiuliza kwa nini kisukari, ugonjwa wa mishipa ya moyo na saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyojaza hospitali za Uingereza, yalikuwa nadra mno katika wodi zao za Uganda. Jibu lao, lililochapishwa katika kitabu cha mwaka 1975 kuhusu vyakula vya wanga vilivyokobolewa na maradhi, lilikuwa nyuzinyuzi: Mwafrika wa kijijini alizila, Mwingereza alizitupa.

Naliheshimu jibu hilo, ila silimezi zima. Mtu wa kijijini waliyemwona alikula nyuzinyuzi, ndiyo, lakini pia alilima kwa jembe la mkono, alitembea saa mbili kwenda sokoni, hakuwa na sukari ya kuweka kwenye kila kikombe, na wengi hawakufika umri ambao maradhi hayo hujitokeza. Kuyabeba mambo yote hayo na kuyatwisha ganda la nafaka ni kulionea ganda.

Hata hivyo, kilichofuata Tanzania kinawapa haki kwa sehemu. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha vipimo vya vijiji sita: wenye kisukari walikuwa chini ya mtu 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata asilimia 9.1. Namba hizi mbili hazilingani kwa njia ya upimaji wala kwa umri wa waliopimwa, na ya pili imechanganya mji na kijiji. Punguza utakavyopunguza, bado pengo ni kubwa.

Sasa goti. Mzee wa hapa atakwambia: “Mwanangu, hii ni baridi tu.” Na mwezi Juni na Julai, Iringa hii, nani atambishia? Baridi huongeza ukakamavu na huamsha maumivu yaliyopo. Lakini haisagi gegedu. Ingekuwa ndiyo inayosaga, Dar es Salaam isingekuwa na mzee anayeshuka ngazi kwa kushika ukuta.

Kinachosaga, kwa wengi, ni miaka, majeraha ya zamani, kazi nzito na uzito. Kuhusu uzito hesabu iko wazi kuliko nyingine zote: kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Aliyeongezeka kilo kumi tangu alipostaafu anakwenda sokoni na gunia ambalo halionekani. Huko North Carolina, Marekani, watafiti walichukua watu 454 wenye miaka 55 na zaidi, wanene na wenye magoti mabovu, wakawafuatilia miezi 18. Matokeo yalitoka mwaka 2013. Waliopunguza chakula na kufanya mazoezi kwa pamoja walipungua wastani wa kilo kumi hivi, na maumivu yao yakashuka karibu nusu. Hakuna kidonge cha duka la dawa ninachokijua chenye rekodi kama hiyo kwa goti.

Tonge la sembe linaingiaje hapo? Wanga uliokobolewa hugeuka sukari kwenye damu upesi, insulini hupanda, kisha njaa hurudi mapema. Nyuzinyuzi huchelewesha safari hiyo na kushibisha. Watafiti wa Marekani waliochambua takwimu za makundi mawili makubwa, likiwamo la Framingham, walionyesha mwaka 2017 kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata goti bovu lenye maumivu. Huo ni uhusiano. Hauthibitishi kwamba nyuzinyuzi ndizo zilizowaokoa. Kuna pia jaribio dogo la Alabama la mwaka 2019: watu 21 wa miaka 65 hadi 75, wiki 12, na waliopunguza wanga walipata nafuu zaidi ya maumivu ya goti kuliko wenzao. Watu 21 ni abiria wa daladala moja. Ukisikia mtu redioni anauza tiba ya viungo kwa kutumia utafiti wa ukubwa huo, badilisha stesheni.

Sukari yenyewe ina njia nyingine isiyopitia tumboni. Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, hunata kwenye kolajeni, ile protini inayolipa gegedu uimara wake, na gegedu linakauka kama ndala iliyosahaulika juani: bado ni ndala, lakini ikikunjwa inapasuka. Ngozi hujibadilishia kolajeni yake. Gegedu halina bahati hiyo. Watafiti walikadiria kwamba kolajeni yake inahitaji zaidi ya miaka 100 ili nusu yake ibadilishwe. Kwa maneno mengine, gegedu ulilonalo ukiwa na miaka 25 ndilo utakalozeeka nalo. Kunata huko kwenye kolajeni kunadhaniwa pia kuchangia wenye kisukari kupata bega lililoganda mara nyingi kuliko wengine: mama hawezi kufunga kilemba wala baba kuvaa koti bila kusaidiwa, na wanahangaika kuchuliwa bega wakati sukari haijapimwa.

Tuhesabu kikombe. Vijiko vitatu vya chai, mara tatu kwa siku, ni vijiko tisa, yaani gramu 36 hivi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni karibu gramu 25. Mzee wetu amevuka kiwango hicho kwa chai peke yake, kabla ya andazi, na kabla wajukuu kutoka mjini hawajamletea kreti ya soda kwa mapenzi. Chai na andazi asubuhi, chai na mkate jioni, katikati ugali na mchuzi: chakula laini, hakihitaji meno, hakihitaji kuni nyingi. Shida yake kubwa ni kile kilichokosekana. Hakina protini ya kutosha, na msuli wa paja, ambao ndio mlinzi wa goti, unanywea mwaka hadi mwaka. Nikilazimishwa kuchagua kati ya kumbadilishia mzee unga na kumwongezea kikombe cha maharage na yai, nitaanza na maharage.

Nimefika kwenye dona, na hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Dona si dawa ya viungo. Dona iliyosagwa laini, ikapikwa tonge la ukubwa wa kichwa cha mtoto, itapandisha sukari vizuri tu. Faida yake ipo, lakini inaonekana tonge likipungua na mboga ikiongezeka. Tena kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Kuvu wanaotoa sumu hiyo hushambulia zaidi ganda na kiini, kwa hiyo kukoboa hupunguza sumu. Bibi zetu waliokoboa, wakaloweka na kumwaga maji hawakuwa wajinga. Mtu akikwambia kula dona bila kukuuliza mahindi yako yamekaushwaje, amekupa nusu ya ushauri, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari.

Kwa hiyo anza na mahindi. Yaanike juu ya turubai, kamwe si ardhini. Chukua chupa kavu, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha acha yatulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, rudisha juani. Zikatae punje zilizooza au kubadilika rangi, na usizitupie kuku unayetegemea mayai yake. Ukishasaga, kumbuka kwamba mafuta ya kiini huchacha: saga kisado, si debe. Hapo unalipia usumbufu ambao mwenye sembe haujui, na ninadhani usumbufu huo umeiangusha dona majumbani kuliko ladha yake.

Kuhusu unga uliorutubishwa, kanuni zetu za mwaka 2011 ziliweka msingi wa kuongeza madini na vitamini kwenye unga wa viwandani. Ni jambo jema. Lakini nyuzinyuzi hazirudi, na mashine ya mtaani, ambako wengi wetu tunasaga, ni vigumu kuifikia.

Wazee wangu, nisiache jambo la dawa. Maumivu yanapozidi, njia fupi ni diklofenaki dukani, vidonge kumi kwa bei ya vocha. Mwenye shinikizo la damu au kisukari anayevimeza kila siku anazichosha figo zake na kupandisha presha. Nyingine ni dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni, ambazo hutuliza kiungo haraka na wakati huohuo hupandisha sukari. Unatibu goti, unaamsha kisukari, kisukari kinarudi begani. Kabla ya kununua, pima sukari na presha, na mweleze mhudumu dawa zote unazotumia, pamoja na zile za kwenye chupa zisizo na jina.

Limebaki swali ambalo nililetewa kwenye karatasi kabla sijapanda jukwaani, bila jina la mwandishi: “Na ulanzi je?” Ulanzi mtamu, utomvu wa mianzi unaogemwa asubuhi, ni maji yenye sukari; ukishakuwa mkangafu, yaani ukichacha, sehemu ya sukari imegeuka kilevi. Kama maumivu yako ni ya goti lililosagika, kinachohesabika ni kiasi na uzito. Kama una jongo, ule ugonjwa unaokuamsha usiku wa manane kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwa chekundu, habari ni nyingine. Jongo hutokana na asidi ya yuriki, na kilevi huiongeza, bia hasa. Sukari ya kwenye soda huiongeza pia: wanaume waliofuatiliwa Marekani, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, waliokunywa soda zenye sukari mbili au zaidi kwa siku, hatari yao ya kupata jongo ilikuwa juu kwa asilimia 85 kuliko waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Kwa hiyo, mzee mwenye jongo anayeacha ulanzi na kuhamia soda hajatoka popote. Maji, uji wa ulezi usio na sukari, au chai kavu. Na msimu wa ulanzi ukifika, kikombe kimoja, cha mkono mmoja, na kisiwe cha kila siku.