Rafiki Asiyeitwa Baba Fulani



Nimetakiwa niseme machache juu ya urafiki. Nitamtaja mwenzetu mmoja wa Muleba, niliyelala naye bweni moja. Mimi nilipata watoto watano, yeye hakujaliwa. Kwetu mtu huitwa kwa jina la mwanawe, basi kila tulipokutana Bukoba sisi tulikuwa Baba Fulani, yeye akabaki na jina lake la darasani. Tulizungumza ada na surua, naye akitafuna kahawa kimya. Mwisho nikaacha kumwalika kwenye ubatizo, nikidhani namhurumia. Kumbe nilikuwa namfukuza.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera; miaka iliyofuata vibanja vingi vilibaki bila wenyewe. Mdogo wangu na mkewe walipofariki, nyumba yangu imekwisha kujaa, alishuka kwenye basi bila kuitwa, akasema, "Mwenzangu, nipe wawili." Akaenda nao Muleba, akawasomesha. Mmoja sasa ni mzazi, na kifungua mimba wake amepewa jina lile lile la darasani.

Mimi sijamwomba radhi hadi leo. Ameketi pale nyuma, karibu na dirisha.