Kabla ya Kuongeza Gesi, Fundi Apime

Msikilizaji, joto la Februari hapa Dar es Salaam huwapa mafundi wa viyoyozi kazi nyingi, na kauli ni ile ile: "Gesi imepungua, tuongeze." Usitoe pesa kabla hajapima.

Geji ya presha peke yake haitoshi. Gesi ikishachemka yote na kuwa mvuke, huendelea kupata joto kidogo njiani kuelekea kompresa. Joto hilo la nyongeza ndilo linalopimwa. Tuseme gesi ni R-410A na mashine imewaka dakika 15. Geji ya bomba nene inasoma psi 118. Kwenye jedwali la presha na joto la gesi hiyo, hapo gesi inachemka kwa nyuzi 4.5 hivi. Fundi anafunga kipimajoto kwenye shaba ya bomba hilo, anakizungushia sponji ili hewa ya nje isikidanganye, kinasoma 11. Tofauti, yaani joto la nyongeza, ni nyuzi 6 na nusu.

Ikipanda hadi 20, huenda gesi ni pungufu kweli. Ikikaribia sifuri, gesi ya majimaji inarudi kwenye kompresa, na hiyo huiua. Chujio la hewa lililojaa vumbi nalo hushusha tofauti hiyo, kwa hiyo lisafishwe kwanza.

Kipimo hiki ni cha mashine zenye kapilari, yaani kibomba chembamba cha kupitisha gesi. Inveta nyingi hujazwa kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao chake.

Na gesi haiishi kama petroli. Ikipungua, inavuja. Fundi apake povu la sabuni kwenye nati za maungio, autafute mvujo na kuuziba, ndipo ajaze.